Jina la Babu Halitoshi

Anayeanza kutafuta ukoo wake mtandaoni kwa kawaida huanza na jina. Hufungua moja ya tovuti kubwa za nasaba, huandika Juma Hassani au Wanjiru Kamau, huongeza mwaka wa kuzaliwa wa kukisia, kisha hubonyeza. Majibu huwa ya aina mbili: ama hakuna kitu, ama maelfu ya watu ambao hata mmoja haelekei kumhusu. Baada ya majaribio machache hufunga simu na kuamua kwamba historia yetu haikuandikwa, na kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye madaftari ya kanisa ya karne na karne. Uamuzi huo una ukweli kiasi, lakini kosa kubwa limo katika swali lenyewe. Karatasi zinazowahusu watu wa Afrika Mashariki ni nyingi, na zinazowekwa mtandaoni zinazidi kuongezeka. Ila hazikupangwa kwa majina ya mababu. Zilipangwa kwa ofisi iliyowafikia: mtoza kodi, ofisa wa jeshi, balozi, mmisionari, hakimu. Anayetaka kumpata babu hana budi ajiulize kwanza ni mkono wa nani kati ya hao uliomgusa, mahali gani na wakati gani. Jina litafuata, tena mara nyingi litafuata likiwa limepinda.

Tuanze na hilo jina. FamilySearch, tovuti isiyotoza fedha inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, imejengwa juu ya hazina ya mikrofilamu milioni 2.4, ambazo kazi ya kuzigeuza kuwa za kidijitali ilikamilika mwaka 2021. Sehemu kubwa ya hazina hiyo ni rejista za ubatizo, ndoa, maziko na sensa za Ulaya na Amerika, na utaratibu wa kutafuta umeshikilia dhana moja: baba, mwana na mjukuu wana jina moja la ukoo. Kwetu mambo si hivyo. Mwana wa Juma bin Hassani ni Hassani bin Juma, na jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Kwa Wakikuyu, majina ya babu na nyanya huwarudia wajukuu kwa mpango maalumu, kwa hiyo Kamau wa Njoroge na Njoroge wa Kamau hupokezana katika mlango mmoja hadi mgeni achanganyikiwe. Aliyebatizwa alipata jina jipya ukubwani. Aliyetoka utumwani pengine alibaki na jina la Mabruki, Baraka au Feruzi, yaani majina waliyopewa watu wengi mno kiasi kwamba peke yake hayamtambulishi mtu.

Halafu kuna masikio ya mwandishi. Karani Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao: Bagamojo, Daressalam, Udschidschi kwa Ujiji, Dschagga kwa Chaga. Anayemtafuta Mtwa Mkwawa katika nyaraka za miaka ya 1890 akiandika Mkwawa atapata kidogo, aandike Quawa. Mwingereza naye alikuwa na masikio yake, na mwandishi wa Kiarabu yake. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya utafiti, kabla hata ya kuwasha kompyuta, ni kukaa na karatasi na kuandika kila namna ambayo jina la mtu, la mto, la jumbe na la kijiji lingeweza kuandikwa na mtu asiyejua lugha hiyo. Kazi hii huonekana ya kitoto, lakini bila hiyo hata mashine yenye nguvu haisaidii.

Tofauti iliyopo kati ya walioandikwa kwa majina na walioandikwa kwa mafungu inaonekana wazi mtandaoni. Ipo kanzidata ya bure inayoorodhesha Wazungu waliowahi kuishi Kenya, Uganda na Tanganyika: mkulima, mke wake, meli aliyokuja nayo, siku aliyofariki. Mwafrika aliyemlimia mkulima huyo hana orodha kama hiyo. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 wanaume Waafrika wa Kenya walilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi zao, na sensa ya kwanza kamili ya Waafrika katika nchi hizi ilifanyika mwaka 1948. Lakini hakuna mahali ambapo mjukuu anaweza kuandika jina akaletewa kipande cha babu yake. Kwa mtu wa kawaida, basi, njia ni kuyafuata yale matukio machache ambapo serikali au misheni ilimtazama mmoja mmoja na si kwa mafungu.

Vita Kuu ya Kwanza ni tukio mojawapo, na linafundisha hata pale lisipojibu. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina kitafutio cha mtandaoni ambapo mtu yeyote anaweza kuandika jina la askari na kuona kikosi chake, tarehe ya kufa na mahali alipozikwa. Mjukuu wa mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, akiandika jina la babu, uwezekano mkubwa hatapata chochote. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na kamisheni hiyohiyo ilikiri sababu: watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, huku wengine kati ya 45,000 na 54,000 wakikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Sanamu za askari zilizopo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zilisimamishwa badala ya majina. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimehifadhi jina la kikosi hicho kuliko minara ilivyohifadhi majina ya watu wake.

Kwa hiyo mtafiti anayejua hili hasemi babu hakwenda vitani kwa kuwa hayumo. Anasema babu hayumo kwa kuwa alikuwa mpagazi, kisha anabadili njia. Anawauliza wazee watu wa kijiji walichukuliwa na jumbe gani, wakapelekwa upande wa Waingereza au wa Wajerumani, na nani alirudi. Akishapata wilaya na mwaka, anaweza kutafuta taarifa za mwaka za maofisa wa wilaya, ambazo kwa upande wa Kenya zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, na nakala za mikrofilamu zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani. Taarifa hizo hazitamtaja babu. Zitaeleza njaa ya mwaka huo, idadi ya waliochukuliwa, na chifu aliyelalamika. Na ndani ya maelezo hayo simulizi la nyumbani hupata tarehe, kitu ambacho masimulizi mengi hukosa.

Eneo lenye utajiri zaidi, na ambalo wasomaji wa Kiswahili hawalijui vya kutosha, ni nyaraka za ukombozi wa watumwa. Mwaka 2014 Maktaba ya Uingereza na Taasisi ya Qatar zilifungua Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, yenye mafaili ya maofisa wa Uingereza waliokaa Ghuba ya Uajemi. Mtu akisikia jina hilo atadhani ni habari za mafuta na mipaka. Ndani yake, hata hivyo, yamo mafaili ya maombi ya uhuru ya miaka ya 1920 na 1930, na waombaji kadhaa walitoka pwani yetu au walizaliwa na wazazi waliotoka huku. Mtumwa aliyetoroka kutoka jahazi la wapiga mbizi wa lulu au shamba la mitende alifika kwenye ofisi ya Mwingereza, akaeleza, na karani akaandika: jina lake, umri wa kukadiria, alikozaliwa, alivyotekwa au kuuzwa, mabwana waliommiliki, na sababu ya kukimbia. Ombi likikubaliwa, alipewa hati ya uhuru. Ni nadra kukuta sauti ya mtu wa tabaka hilo ikiwa imeandikwa kwa urefu wa ukurasa mzima, na sasa ukurasa huo unasomeka Kigoma au Kisumu bila nauli na bila barua ya utambulisho.

Maelezo hayo yana kasoro zake. Yaliandikwa na karani aliyefasiri, kwa muundo ambao ofisi ilihitaji ili kutoa hati, na mwombaji alijua fika ni simulizi gani lingemfaa. Aliyetekwa alisikilizwa kwa namna moja, aliyezaliwa utumwani kwa namna nyingine. Mtafiti makini husoma maelezo kumi kabla ya kuliamini moja, ili ajue lipi ni la mtu mwenyewe na lipi ni la fomu. Lakini familia ya Kiswahili ya Oman au ya Imarati inayojua tu kwamba bibi mkuu alitoka Sawahili inaweza kupata humo jina la bandari, la jahazi, wakati mwingine la wazazi. Upande wa huku, wazao wa waliokombolewa baharini na kuwekwa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 karibu na Mombasa, au Rabai, au kijiji cha mapadri wa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1868, watafute kwanza katika kumbukumbu za misheni husika. Wengine wa kundi hilo waliandika wenyewe. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik, India, aliandika shajara ya safari ya kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Shajara hiyo, inayotunzwa Blantyre huko Uskoti, iliwekwa kwenye tovuti ya Livingstone Online mwaka 2019, na sasa yeyote anaweza kuutazama mwandiko wake.

Kwa vizazi vya karibu zaidi, hazina ipo mahali ambapo wachache hufikiria: Gazeti la Serikali. Matoleo ya Kenya Gazette kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 yanasomeka bure katika Google Books, na tovuti ya Gazettes.Africa imekusanya magazeti ya serikali ya nchi nyingi za bara hili. Kati ya matangazo ya ushuru na uteuzi wa machifu yamo matangazo ya mirathi. Kila tangazo hutaja jina kamili la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, tarehe aliyofariki, na jina la anayeomba kusimamia mirathi pamoja na uhusiano wake: mjane, mwana, ndugu. Kwa familia iliyopoteza cheti cha kifo, au isiyowahi kuwa nacho, mistari hiyo minne ni nasaba iliyotiwa tarehe. Maandishi yametambuliwa na mashine, kwa hiyo yanatafutika kwa neno, ila mashine husoma vibaya chapa zilizofifia. Mwangi akisomwa Mwangl hatapatikana. Anayetafuta aandike jina la kijiji au la kata, kisha azipitie kurasa kwa macho.

Hukumu za mahakama zinakwenda mbali zaidi. Kenya Law na TanzLII huchapisha hukumu bila malipo, na kesi za mirathi na ardhi zimejaa ukoo. Nchini Kenya, Sheria ya Mirathi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inataka mali ya mume wa wake wengi igawanywe kwa kuzingatia nyumba na idadi ya watoto, na kwa sababu hiyo jaji analazimika kuandika nani alikuwa mke wa kwanza, alizaa nani, nani alitangulia kufa na ameacha watoto gani. Katika kesi za ardhi ya ukoo mashahidi huenda nyuma vizazi vitatu au vinne, hadi aliyefyeka pori. Wanasheria hutafuta humo kanuni. Mwanahistoria wa familia atafute maelezo ya mashahidi. Akumbuke tu kwamba kila shahidi alikuwa na shamba la kushinda au kupoteza, na kwamba binti mara nyingi hatajwi ila pale alipodai haki yake.

Picha zina taabu ya aina yake. Chuo Kikuu cha Southern California kina mkusanyo wa picha za misheni za mashirika mbalimbali, zikiwemo za Misheni ya Leipzig, iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na za Wamoraviani wa Herrnhut waliofanya kazi kusini mwa Tanganyika. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kina hifadhi kubwa ya picha za ukoloni wa Kijerumani. Anayetafuta sura ya babu asitegemee maelezo ya chini ya picha, maana huko mmisionari ana jina, mangi, yaani chifu wa Kichaga, ana jina, na waliobaki ni wanawake wakiteka maji. Aangalie mahali, mwaka na mpiga picha, kisha apeleke picha kwa watu wa mahali hapo. Mzee anayelitambua jengo, mti au shanga anaweza kuyarudisha majina yale ambayo karani hakuyaandika.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza huibuka. Kama kila hatua inarudi kwa wazee, basi nyaraka hizi zimeongeza nini? Na kama masimulizi ya wazee hupamba, hukuza na kuficha, kwa nini yawe msingi? Jibu bora ni kisa cha Uchagani. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na familia zao zilishikilia kwa zaidi ya karne kwamba mafuvu yao yalipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 Wakfu wa Urithi wa Kiprusi wa Berlin ulitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyokusanywa enzi za ukoloni: 904 yalihusishwa na eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Machache sana yalikuwa na maelezo ya kutosha kuwatafuta jamaa. Kati ya hayo, matatu yalilingana kwa vinasaba na watu walio hai Tanzania, na moja lilikuwa la mtu aliyeandikwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Kisa hicho kinafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa watu wengi walikichukulia kama ushindi wa maabara. Maabara peke yake isingeweza kitu. Vinasaba vya fuvu havisemi vimetoka kwa nani mpaka vipate mtu wa kulinganishwa naye, na kumpata mtu huyo kulihitaji mambo mawili: maandishi ya aliyelichukua fuvu, na ukoo uliokumbuka nani alikufa na wazao wake wako wapi. Maandishi bila kumbukumbu yangebaki neno Akida, ambalo lilikuwa cheo cha watu wengi. Kumbukumbu bila maandishi ingebaki dai lisilo na pa kubisha hodi. Masimulizi hayakuwa pambo la utafiti. Ndiyo yaliyoeleza watafutwe akina nani. Wanahistoria walioyadharau masimulizi ya pwani kuhusu asili ya Washirazi nao wamepata la kufikiria tangu mwaka huohuo wa 2023, utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, ulipoonyesha mchanganyiko wa asili ya Kiafrika, zaidi upande wa wanawake, na ya Kiajemi, zaidi upande wa wanaume, ulioanza takriban mwaka 1000. Utafiti huo hauthibitishi hadithi ya sultani wa Shirazi, wanawe na meli zao. Unaonyesha kwamba hadithi ilikuwa imeshika jambo la kweli, ikalivika mavazi yake.

Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa umma ni jambo lingine. Kampuni hizo hulinganisha mate ya mteja na kumbukumbu za wateja wengine, na Waafrika ni wachache humo. Jibu la asilimia kadhaa za Afrika Mashariki halimwambii Mnyamwezi lolote ambalo hakulijua. Kampuni ya 23andMe ilivujiwa taarifa za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, kisha ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 2025, na wateja wakabaki wakijiuliza mate yao sasa ni mali ya nani. Sioni sababu ya mtu kuanzia huko.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini tuwaamini walioandika? Serikali za kikoloni hazikuandika tu kwa upendeleo, zilificha. Kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ndiyo iliyofichua, mwaka 2011, kwamba maelfu ya mafaili kutoka makoloni 37 yaliondolewa kabla ya uhuru na kufungiwa Hanslope Park, nje ya macho ya watafiti. Sasa yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya alama FCO 141. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Wanaosema karatasi za mkoloni ni za uongo wana hoja, lakini kesi hiyohiyo inaonyesha upande wa pili: ushahidi wa wazee ulihitaji karatasi hizo ili mahakama ya London isikie, na karatasi hizo zilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliojua zilipaswa kuwepo. Waraka wa adui hautakiwi kuaminiwa. Unatakiwa kuhojiwa, na wa kuuhoji ni yule mwenye habari nyingine mkononi.

Kuna wanaolalamika kwamba yote haya ni ya wenye bando, Kiingereza na Kijerumani. Ni kweli kwa kiasi. Tena kuna udanganyifu mdogo unaowapoteza wengi: kuona faili katika orodha ya mtandaoni si kuliona faili. Sehemu kubwa ya FCO 141 ina orodha mtandaoni huku kurasa zenyewe zikiwa Kew. Nyaraka za Kijerumani zilizopo katika Hifadhi ya Taifa Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, husomwa palepale. Mafaili ya wizara ya makoloni yaliyopo Ujerumani, alama R 1001, yamewekwa mtandaoni lakini yana mwandiko wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wa leo. Programu ya Transkribus, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Innsbruck, husoma mwandiko huo kwa kiasi kizuri, na FamilySearch tangu 2024 imefungua utafutaji wa neno lolote ndani ya nyaraka zilizoandikwa kwa mkono. Programu za tafsiri zinamaliza kazi iliyobaki. Zote hukosea zaidi palepale tunapojali zaidi, kwenye majina ya watu na vijiji vyetu, kwa kuwa zimefunzwa kwa majina ya kwingine. Programu za akili mnemba zina hatari ya ziada: zikiulizwa ukoo hutunga kwa ufasaha. Zitumike kusoma ukurasa ambao mtu ameushika, zisitumike kumtafutia babu.

Ramani hazihitaji lugha nyingi. Ramani za Kijerumani za Afrika Mashariki za kipimo cha 1:300,000 zimewekwa mtandaoni na maktaba mbalimbali, na zikiwekwa juu ya picha za setilaiti huonyesha vijiji vilivyokuwepo kabla ya vita, kabla ya mashamba ya mkonge kuenea, na kabla ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliyowahamisha mamilioni ya Watanzania. Mtu ambaye cheti chake kinataja kijiji cha ujamaa, ilhali babu yake alisema jina la mlima, ataanza hapo.

Kuhusu kudumu kwa vitu hivi, tusidanganyike. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa muda mrefu. Miswada yenyewe ilibaki Lamu. Anayepata ukurasa unaomhusu aupakue siku hiyohiyo, na aandike jina la hifadhi, alama ya faili na nambari ya ukurasa. Bila alama hiyo hata barua pepe kwa mtunza nyaraka haina cha kuomba. Ikiwepo, hifadhi nyingi hutoa nakala kwa ada.

Pingamizi la mwisho halitoki kwa wasomi, hutoka nyumbani. Kuna koo ambazo hazitaki kujua nani alinunuliwa, nani alikuwa suria huku watu wakisema ni mke, nani alisilimu au kubatizwa ili apate hifadhi. Katika miji ya pwani swali la asili bado lina makali, na kurasa za ukombozi zinaweza kumvua mtu nisba aliyoibeba vizazi vitatu. Sioni kwamba hilo ni sababu ya kuacha kutafuta, kwani kilichofichwa kimewaumiza zaidi waliofichwa kuliko walioficha. Lakini kutafuta si kutangaza. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na tovuti kubwa za nasaba huficha watu walio hai. Marehemu hawafichwi, na FamilySearch inatokana na kanisa ambalo hufanya ubatizo kwa niaba ya wafu, jambo ambalo familia ya Kiislamu au ya Kikatoliki ingependa kulijua kabla ya kupandisha majina. Mti wa ukoo unaweza kukaa kwenye kompyuta ya nyumbani na katika daftari. Kabla haujatoka hapo, wenye majina yaliyoandikwa humo, au watoto wao, waulizwe kwanza, hata kama itamaanisha kusubiri kikao cha arobaini au cha harusi ili watu wote wawepo.